Mti Hukizungushia Kidonda Chake Ukuta

Mkulima, mgrevilea ulioupanda mpakani mwa shamba lako ni akiba ya miaka mingi. Matawi yake ni kuni, na shina lake siku moja litakuwa mbao. Lakini pengine fundi apasuapo gogo hukuta moyo wake ni mweusi, tena umeoza, na bei huanguka. Mara nyingi uozo huo uliingia zamani, siku tawi lilipokatwa ovyo kwa panga.

Mti hauponi kama mtu

Mtu akijikata kidole, nyama mpya huota mahali pa ile iliyoharibika. Mti hauwezi kufanya hivyo. Alex Shigo, mtaalamu wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa urefu wake apate kutazama ndani. Mwaka 1977 yeye na mwenzake Harold Marx walieleza kwamba mti ulioumia hujenga kuta kuzunguka jeraha ili uozo usienee, kisha huota mti mpya kwa nje. Kidonda hakionekani tena, lakini kimo ndani siku zote. Ni kama mtu mwenye chumba kibovu, akakifunga kwa matofali, akaishi katika vyumba vingine.

Kwa hiyo mtunza miti haponyi mti. Kazi yake ni kukata mahali ambapo mti utaweza kujikinga wenyewe.

Mahali pa kukata

Tazama tawi linapotoka shinani. Utaona uvimbe kama ukosi wa shati. Uvimbe huo ni sehemu ya shina, na ndimo ilimo kinga ya mti. Usiukate. Wala usiache kipande kirefu cha tawi, maana kitakufa na kuoza, na gome halitaweza kuziba.

Jinsi ya kukata tawi zito

1. Tumia msumeno mkali. Kwanza kata kidogo kutoka chini, kiasi cha sentimita 30 mbali na shina.
2. Pili, kata kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza. Tawi litaanguka bila kuchuna gome la shina.
3. Tatu, ondoa kipande kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe.

Usipake rangi wala lami, hazizuii uozo. Kata matawi yangali membamba, kwa kuwa kidonda kidogo huzibika upesi. Tena usiyamalize yote, maana majani ndiyo jiko la mti, na mti wenye njaa hauna nguvu ya kujenga ukuta.

Maswali

1. Kwa nini tusikate ule uvimbe?
2. Mkato wa kwanza hutoka chini kwa sababu gani?
3. Nenda mpakani mwa shamba lako: ni miti mingapi iliyoachiwa vipande virefu?