Siri ya Mwuzaji na Haki ya Raia

Mpishi hufunika chungu chake ili jirani asimwibie ufundi, wala hakosi. Lakini Bwana Afya ajapo kukagua, kifuniko hakina budi kuondolewa.

Leo chungu hicho ni programu ya kompyuta. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Kabla ya kumhukumu, hakimu alisoma taarifa ya programu iitwayo COMPAS, iliyomhesabu kuwa ni mtu wa hatari. Alipotaka kujua hesabu ile ilipimwaje, kampuni ilijibu kwamba hiyo ni siri ya biashara. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo ilithibitisha hukumu; iliagiza tu kwamba taarifa za namna hiyo ziandamane na onyo kwa mahakimu.

Hapa yafaa tupambanue. Kumficha mshindani ni kulinda jasho lako. Kumficha hakimu, na yule anayehukumiwa, ni kuleta shahidi asiyeweza kuulizwa maswali.

Je, mambo haya mawili hayapatani? Yapatana. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 juu ya akili bandia yawapa wakaguzi wa serikali ruhusa ya kudai kumbukumbu za programu zenye hatari kubwa, nayo yawafunga kuitunza siri waliyoiona.

Basi, programu ikikunyima kazi au mkopo, usiulize tu imesema nini. Uliza pia: ni nani aliyeikagua?