SOMO LA HESABU: ALAMA INAPOGEUKA

Mtu mmoja ana deni la shilingi 200 dukani. Mwenzake ana deni la shilingi 500. Nani ana nafuu? Kila mtu atasema ni yule wa 200. Basi, ukijibu hivyo umekwisha kuzijua namba hasi, yaani namba zilizo chini ya sifuri. Deni la 200 tunaliandika −200, na deni la 500 ni −500. Mwenye −200 ana nafuu, kwa hiyo −200 ni kubwa kuliko −500:

−200 > −500

Mdomo wazi wa alama unaelekea namba kubwa.

Tumeleta somo hili kwa ajili ya mama mmoja tunayesoma naye jioni. Aliishia darasa la saba. Sasa anajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule wa watu ambao hawakupita sekondari lakini wanataka kufanya mtihani wa Kidato cha Nne. Alipewa swali hili:

−3x < 15

Herufi x ni namba tusiyoijua. Mama akagawanya pande zote kwa −3, akaandika x < −5. Akakosa. Alikasirika kweli, maana kugawanya aligawanya sawasawa.

Ebu tulijaribu jibu lake. Namba −6 ni ndogo kuliko −5, kwa hiyo ingefaa. −3 mara −6 ni 18. Je, 18 ni ndogo kuliko 15? Siyo. Sasa tuweke 0. −3 mara 0 ni 0, na 0 ni ndogo kuliko 15. Kumbe 0 inafaa, nayo ni kubwa kuliko −5! Jibu ni x > −5. Alama imegeuka.

Kwa nini? Turudi dukani. Asha ana shilingi 200, Juma ana 500. Juma amemzidi Asha: 200 < 500. Sasa geuza fedha zao ziwe madeni. Mwenye nafuu ni Asha: −200 > −500. Kuzidisha au kugawanya kwa namba hasi ni kugeuza mali kuwa deni, na deni kuwa mali. Aliyekuwa juu anakuwa chini.

Lakini wengine wakishashika jambo hili, wakiona hasi popote wanageuza tu. Hapana! Tazama 3x < −15. Hapa tunagawanya kwa 3, ambayo siyo hasi. Jibu ni x < −5, alama inakaa pale pale. Kujumlisha na kutoa pia hakugeuzi alama. Katika mitihani ya kuchagua herufi, mtungaji anaweza kuweka x < −5 na x > −5 pamoja. Kulikuta jibu lako limo siyo ushahidi kwamba umepata. Jaribu namba moja kwanza.

Anayeogopa kugeuza, ipo njia nyingine. Katika −3x < 15, ongeza 3x kila upande: 0 < 15 + 3x. Toa 15 kila upande: −15 < 3x. Gawanya kwa 3: −5 < x. Jibu ni lile lile. Njia hii ni ndefu kidogo, lakini mama yule ndiyo anayoitumia siku hizi.

ZOEZI
1. −4x > 20
2. 5x < −20
3. 7 − 2x > 1

MAJIBU: 1. x < −5. 2. x < −4. 3. x < 3.