Khabari na Njia Zake: Funzo Kutoka Nyeri

Katika darsa hii twataka kulitazama jambo ambalo kila mmoja wetu huliona barazani, lakini ni wachache wanaolipima. Khabari haiendi kwa nguvu ya ukweli wake tu, bali huenda kwa kadiri ya njia zilizoko baina ya watu.

Na tutwae mfano wa Nyeri na miji ya Mlima Kenya. Mwaka 1928 chama cha Kikuyu Central Association kilianza kutoa gazeti la Muigwithania mjini Nairobi, na mhariri wake alikuwa Jomo Kenyatta, aliyejulikana wakati huo kwa jina la Johnstone. Wajuao kusoma walikuwa wachache. Lakini msomaji mmoja, akiwasomea wenziwe, alitosha kuwa mlango wa kijiji kizima.

Ulipozuka upiganaji wa Mau Mau, Nairobi ilikuwa fundo la kamba nyingi: khabari, fedha, dawa na silaha zilitoka huko kwenda misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Serikali ya kikoloni ililijua hilo. Tarehe 24 Aprili 1954 iliuzingira mji, na watu zaidi ya 20,000 wakatiwa kizuizini. Kisha, katika Nyeri na wilaya jirani, watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakakusanywa katika vijiji vyenye ulinzi. Fundo likakatwa, na nyuzi ndogo zikafuatia. Makundi ya msituni yakabaki mbalimbali. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, jamii inayotegemea fundo moja huzibwa masikio kwa pigo moja. La pili latuhusu zaidi: penye njia moja, wingi wa sauti si wingi wa mashahidi. Mtu husikia neno kwa jirani kumi, akadhani limethibiti, kumbe wote kumi wamelipata kwa mmoja. Wanavyuoni wa hadithi walilitambua hili zamani, wakashurutisha kuwa khabari ya mutawatir iwe na wapokezi wengi katika kila tabaka, si katika tabaka ya mwisho tu.

Leo simu huyafanya hayo kwa kasi kuliko baraza. Basi likufikapo neno la kumvunjia mtu heshima, usihesabu walioleta; uliza wao wamelipata kwa nani. Na uwe na rafiki wa mtaa wa pili, kwani huenda yeye akawa na khabari ambayo mtaani kwako haijafika.