Darsa ya Safari: Kupanda Milima na Watoto Wadogo Katika Nchi ya Homa Bay na Migori

Amma baad. Katika darsa zetu za jioni twasoma mlango wa sala ya msafiri, na mlango wa tayamamu, na mlango wa haki za watoto juu ya wazee wao. Na kila mlango tukimaliza twaufunga kana kwamba haujuani na mwenziwe. Likizo ya Agosti iliyopita milango yote mitatu ilinikuta pamoja juu ya mlima mmoja wa nchi ya ziwa, nami ikadhihirika kuwa sikuudurusu vyema hata mmoja. Wenzangu wameniomba niyaandike yaliyotokea, ili atakaye kwenda huko na watu wake asiende na ujinga nilioendea nao mimi.

Watu wa miji yetu ya pwani, shule zifungwapo, wana desturi zao. Mwenye uwezo huwapeleka watoto kwa jamaa Lamu au Unguja, wakatoka nyumba hii wakaingia nyumba ile. Asiye na uwezo huwaacha barazani wakainamia simu kutwa. Na yuko wa tatu, ambaye hutumia katika harusi ya siku tatu mali ambayo ingaliwatembeza wanawe Kenya nzima, kisha akasema hana nauli. Sisemi zaidi, maana jambo la harusi limeandikwa mara nyingi na halijasikilizwa.

Na wako wasemao kuwa kupanda milima ni mchezo wa Wazungu, na kwamba mwanamke wa Kiislamu hana la kutafuta jabalini. Asemaye hivi, Mwenyezi Mungu akimjaalia kuhiji, atakwenda mara saba baina ya Safa na Marwa akifuata nyayo za mwanamke, Bibi Hajar, aliyepanda kilima hiki akashuka akapanda kile kwa ajili ya mtoto wake mwenye kiu. Basi na aufikiri mchezo huo ni wa nani.

Safari yetu ilikuwa hivi. Kutoka Mombasa tulipanda treni hata Nairobi, tukalala. Kesho yake tukachukua gari la abiria kwa njia ya Narok, Bomet, Sotik na Kisii hata Rongo, mji ulio katika kaunti ya Migori, na hapo njia ya Homa Bay hukata kulia ikateremka kuelekea ziwani. Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Watoto walipoliona walipiga ukelele, "Bahari!" Kabla sijawazuia walikwisha chovya vidole wakaonja, wakatazamana: hayana chumvi. Jioni wakakaa wakingoja maji yapwe, nayo hayakupwa. Mtoto wa pwani hajui kuwa kuna maji mapana hivyo yasiyokuwa na bamvua wala maji mafu, na mshangao ule peke yake ulinilipa nauli.

Mlima Homa umesimama katika rasi iliyoingia ziwani, kaskazini ya mji wa Homa Bay. Ni volkano iliyokufa zamani sana, na kilele chake kina mita 1,751, yaani mita 600 na ushei juu ya maji. Pembeni mwake zatoka chemchemi za maji ya moto. Na katika udongo wa miguuni pake, Kanjera na Nyayanga, wataalamu wamefukua zana za mawe wanazozikadiria umri wa miaka milioni 2 na zaidi. Kwa kijana mwenye nguvu si mlima wa kutisha. Lakini mlima haupimwi kwa miguu ya baba, hupimwa kwa miguu ya mdogo aliye katika msafara, na hili ndilo sikulijua.

Tulikuwa watano: mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka 9, mwana wa miaka 6, na kitinda mimba wa miaka 3 aliyebebwa mgongoni kwa leso, na wa sita ni kijana wa kijiji kile aliyetuongoza. Tulichukua chupa sita za maji za lita moja moja. Tulitoka saa tatu za asubuhi, na hilo lilikuwa kosa, kwani huko yafaa mtu awe ameanza kupanda jua likichomoza, ili akikaribia mchana awe yu njiani kushuka. Jua la ikweta juu ya mteremko wa majani usio na miti halina upepo wa bahari wa kulipoza. Ilipofika adhuhuri tulikuwa tumekwisha kunywa chupa tatu na nusu.

Nikasema tusali. Nikafungua chupa nikatawadha, na kama kawaida yangu nikaeneza maji mara tatu tatu, kisha nikampa mama watoto naye atawadhe. Akaitazama ile chupa, akaniambia kwa upole, "Baba Zuhura, na hawa watoto?" Nikamjibu kwa kiburi cha mtu aliyesoma nusu ya kitabu, "Sala haina udhuru." Akanyamaza, akatawadha kwa maji kidogo sana. Chupa mbili zikaisha hapo. Nusu iliyobaki alinyweshwa mdogo.

Tukaendelea. Haikupita nusu saa mwana wa miaka 6 akaomba maji, nikamwambia asubiri. Akaomba tena. Midomo yake ilikuwa imekauka na uso umekuwa mwekundu, wala hatoki jasho kama mwanzo. Mwongozi akanionyesha wingu lililokuwa likikusanyika upande wa ziwa, akasema, "Mzee, hiyo ni mvua, turudi." Nikasema kilele ni pale tu. Neno hili "pale tu" ni la hatari mlimani, maana kila ukifika pale, pale pengine huonekana. Ndipo mwanangu akakaa juu ya jiwe akasema, wala hakulia, "Baba, mimi nitakaa hapa. Nyinyi nendeni, mkirudi mtanichukua."

Wallahi sijapata kusemwa na mtu mzima neno lililoniingia kama lile. Mtoto alidhani kilele nakipenda kuliko yeye, na matendo yangu yote ya asubuhi ile yalikuwa shahidi wake. Nikamtia mabegani tukageuka.

Mvua ilitukuta nusu ya njia, na radi pamoja nayo. Nchi ile ya ziwa, na milima ya Kisii iliyo nyuma yake, ni katika mahali pa Kenya panapopigwa na radi mno. Na mtu aliye juu ya ukingo wa mlima, au aliyejibanza chini ya mti ulio peke yake, amejiweka mahali pabaya kuliko pote. Mwongozi alitushusha haraka kwenye bonde, akatukataza mti mmoja mkubwa niliokuwa naukimbilia. Watoto walilamba mvua katika viganja vyao. Tukafika katika boma moja tumeloa chapachapa, na bibi mzee wa hapo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa maneno machache, aliwavua watoto nguo akawafunika kwa blanketi lake, akatupa maji ya kuchemsha na uji, kisha ugali na sato. Atakayeuliza juu ya chakula cha wasiokuwa Waislamu: samaki hana mjadala, wala uji hauna, na kuhusu nyama ya kuchinjwa, mtu aseme kwa adabu kuwa hali, na watu wale hawachukii.

Niliporudi nilimhadithia shekhe wetu, nikidhani ataniuliza juu ya mvua. Aliniuliza, "Maji yalikuwa ya nani?" Nikasema, yangu. Akasema, "Yalikuwa ya mtoto. Wewe ulichukua haki ya mtoto ukatawadhia." Kisha akanirejesha katika mlango wa tayamamu niliokuwa nikidai nimeusoma. Katika sababu za kutayamamu si kukosa maji tu; ni pia kuwa nayo na kuyahitajia kwa kiu, yako au ya mwenzio, na mafakihi wameieneza hukumu hiyo hata kwa kiu ya mnyama mwenye hishima. Wala si kiu ya saa hiyo tu, bali hata ile inayokhofiwa baadaye. Aliye katika hali kama yetu hapewi ruhusa ya kutayamamu tu, bali yamlazimu. Na msafiri, juu ya hayo, amefanyiwa wepesi wa kuipunguza adhuhuri yake na kuikusanya na alasiri. Lau ningalitumia wepesi huo ningalikuwa nimetulia bondeni saa tisa, nimeoga na kutawadha, na wanangu wameshiba maji. Nilikuwa nimejitia uzito ambao dini haikunitia, kisha nikautwisha mtoto wa miaka 6.

Siku mbili tulipumzika. Siku ya tatu nikamwuliza yule mwana kama yu tayari kupanda kilima kidogo, na nikampa ahadi mbele ya mama yake kwamba yeye ndiye atakayesema turudi. Kilima hicho ni Got Asego, kilichochongoka kama pia iliyopinduliwa, karibu na mji wa Homa Bay. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Kila mtoto alikuwa na chupa yake mwenyewe mkononi, na chupa ya mtoto haiguswi na mtu mzima. Viatu vilikuwa vya kufunga kwa kamba. Ndara tuliziacha chumbani. Mama watoto alivaa suruali pana chini ya gauni refu, akapanda kwa wepesi kuliko mimi. Tulikwenda hatua za mtoto: akiona mdudu twasimama, akiokota jiwe twalitazama. Safari ambayo ningaliimaliza upesi peke yangu tuliimaliza polepole, na hapana aliyelia.

Juu pale twaliona ziwa na Ghuba ya Winam, na mashua za wavuvi wa dagaa zikirejea. Binti akauliza kibla ki wapi. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini barabara, maana Makka iko karibu sawasawa na kaskazini yetu. Kule Homa Bay, kwa kuwa ni magharibi zaidi, kibla chainama kuelekea mashariki kwa digrii 13 hivi. Tukaichora juu ya udongo kwa kijiti. Somo lile hawatalisahau, nami sijui kama wangalilishika kwa ubao.

Sasa nitaje mambo ya nchi ile yaliyo lazima kuyajua. La kwanza ni ziwa lenyewe. Mtoto wetu akiona maji huvua nguo akaingia; huko asiachwe. Kuna viboko na mamba, na kuna kichocho. Twakijua kichocho cha mabwawa ya Kwale kitoacho damu katika mkojo. Cha ziwani hukaa katika matumbo na ini. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini, vikapenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, wala hasikii chochote. Aliyekwisha ingia apimwe baada ya majuma machache; dawa yake ipo, nayo ni prazikwanteli.

La pili ni bonde la Lambwe, ilipo Hifadhi ya Ruma, iliyokuwa pori la akiba mwaka 1966 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Humo ndimo walimobaki korongo wa mwisho wa Kenya, wale wanyama wenye pembe zilizopinda nyuma na uso wa madoa meusi na meupe. Hapatembelewi kwa miguu kiholela, hutembelewa kwa gari. Lakini kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Akina mama wenye mabuibui meusi na wajue hivyo, wavae siku hiyo stara ya rangi ya mchanga.

Katika upande wa Migori tulikwenda Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizoanza kujengwa yapata karne ya 16, na ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ni mwendo wa kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori. Sisi tuliolelewa karibu na magofu ya Gedi twajua kuta za matumbawe na chokaa. Hizi hazina chokaa wala udongo wa kushikiza, ni jiwe juu ya jiwe kwa ustadi, na mahali pengine zafika mita 4 na zaidi. Watoto waliingia kwa kuinama katika malango mafupi yaliyofanywa hivyo makusudi, ili adui asiingie amesimama. Mwana akataka kujua waliokaa humo walikuwa wakinywa maji gani. Tangu siku ile ya mlimani, kila mahali huuliza kwanza maji.

La mwisho ni homa. Kaunti za ziwani ndizo zenye malaria nyingi kuliko zote katika Kenya. Chandarua kilichotiwa dawa kichukuliwe kutoka nyumbani, wala mtu asitegemee atakachokikuta. Na mtoto akishikwa na homa baada ya kurudi, hata zikiwa zimepita siku 7 au mwezi mzima, asipewe dawa ya kutuliza akalazwa. Apelekwe akapimwe damu siku ile ile, na daktari aambiwe alikuwa wapi.