Tyuna au Sikio? Somo la Filimbi kutoka Kibiti hadi Delta ya Rufiji



Mpendwa kijana mwenzangu, leo tuna somo la muziki, hasa kwa ninyi mnaopiga filimbi kwenye kwaya au mnaotamani kuanza. Kama hujawahi kushika filimbi, usiondoke. Mwishoni utaona linakuhusu na wewe.

Swali ni hili: ukitaka filimbi yako ipatane na waimbaji, uiamini tyuna iliyo kwenye simu, au uliamini sikio lako?

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Taa ya kijani

Mimi napiga filimbi ya chuma, ile inayopulizwa kwa ubavu, kwenye kwaya hapa Kibiti. Nilijifunza kwa msaada wa programu ya tyuna. Ukipuliza nota ikawa sawa, taa inawaka kijani. Ikipanda au ikishuka, mshale unahama. Niliizoea mno, hata wakati wa Misa simu ilikaa kwenye stendi ya nota.

Jumapili moja umeme ukakatika, kinanda kikazima. Wimbo wa Komunyo tukaimba kwa filimbi peke yake. Kufika ubeti wa tatu nikasikia tunagongana vibaya. Nikatazama simu: kijani. Nikasema moyoni, basi mimi niko sawa, wao ndio wamekosea.

Baada ya Misa nikamfuata mama mmoja wa sauti ya pili ambaye huwa anasimama karibu nami. Nikamwonyesha simu mbele ya wenzake. "Mama, unashusha sauti. Ona, mimi nilikuwa kijani muda wote."

Akaitazama simu, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo simu inatusikia sisi wote, au inakusikia wewe tu?"

Nikacheka. Wiki ile hakuja mazoezini. Na iliyofuata hakuja.

Tyuna inajua nini?

Swali la yule mama lilinifanya nitafute kuelewa kifaa changu. Tyuna inahesabu mitetemo ya sauti kwa sekunde, halafu inailinganisha na kipimo ilichopewa. Kipimo cha kawaida leo ni nota la (A) yenye mitetemo 440 kwa sekunde. Lakini namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1859 Ufaransa iliweka kwa sheria mitetemo 435. Mwaka 1939 mkutano wa kimataifa uliofanyika London ulikubaliana 440, na baadaye shirika la viwango la kimataifa, ISO, likaithibitisha. Kwa hiyo 440 ni makubaliano ya watu ili wapige pamoja. Ni jambo zuri, ila ni makubaliano.

Jambo la pili: joto. Sauti husafiri haraka zaidi kwenye hewa ya joto, na filimbi ni bomba la hewa. Nusu toni moja imegawanywa katika sehemu 100 zinazoitwa senti. Kwa hesabu ya hewa peke yake, kila nyuzi moja ya joto hupandisha filimbi karibu senti 3. Misa ya asubuhi kukiwa na nyuzi 24, na mazoezi ya mchana kukiwa na nyuzi 32, hesabu inakupa karibu senti 24. Kwa vitendo inapungua, kwa sababu pumzi yako imeshapasha bomba, lakini sikio bado linaona tofauti. Kinanda cha umeme chenyewe hakijali joto. Hapo tyuna inakusaidia kweli: vuta kidogo kichwa cha filimbi hadi mpatane na kinanda. Milimita moja hushusha nota za chini kama senti 3, na nota za bomba fupi hushuka zaidi, karibu mara mbili. Kwa hiyo usivute ovyo ukadhani umemaliza kazi.

Jambo la tatu ndilo lililonishangaza. Tyuna inagawa nota zote kwa vipande vilivyo sawa, kama kinanda. Lakini waimbaji wasio na kinanda, wakishika do, mi na so kwa pamoja, mi iliyo tamu kabisa iko karibu senti 14 chini ya mi ya tyuna. Mshale utasema umekosea, na sikio litasema hapo hapo, usisogee!

Na la nne ni lile lililotupata Jumapili ile. Kwaya isiyo na kinanda mara nyingi hushuka kidogo kidogo, ubeti baada ya ubeti, wote kwa pamoja. Wao bado wanapatana. Anayebaki juu na taa yake ya kijani ndiye anayesikika amepotoka. Yaani alikuwa ni mimi.

Je, tuitupe tyuna?

Hapana. Sikio lisilofundishwa nalo linadanganya. Linazoea kosa, linachoka, linafuata anayeimba kwa nguvu. Tyuna inakufundisha tabia za filimbi yako: nota zipi hupenda kupanda, zipi hulegea. Ukipuliza kwa nguvu sauti hupanda, ukipuliza kwa upole hushuka, na bila kipimo cha nje unaweza kukaa miaka bila kujua. Itumie chumbani kama mwalimu. Usiende nayo kwenye ibada kama hakimu.

Hili ndilo zoezi ninalofanya, dakika 15 kwa siku:

1. Pasha filimbi kwanza. Puliza nota ndefu dakika tatu au nne. Ukipima filimbi ikiwa baridi, unapima kitu kitakachobadilika.
2. Sikia kabla ya kutazama. Funga macho, puliza la mpaka uridhike. Ndipo ufungue macho utazame tyuna. Andika kwenye daftari: ilipanda au ilishuka?
3. Imba, kisha puliza. Nota usiyoweza kuiimba, utaipata kwa kubahatisha tu.
4. Tafuta mawimbi. Mwenzako ashike do, kwa sauti yake, kwa filimbi au kwa simu inayotoa sauti moja mfululizo. Nawe upulize do hiyo hiyo. Mkitofautiana utasikia sauti inapepea, wau-wau-wau. Mmoja akiwa 440 na mwingine 443, inapepea mara tatu kwa sekunde. Geuza filimbi kidogo sana kuelekea mdomoni ili ushuke, au kinyume chake ili upande, mpaka mawimbi yatulie. Kisha jaribu so juu ya do, halafu mi.
5. Nguvu bila kupotoka. Shika nota moja, anza taratibu, ongeza nguvu, punguza. Midomo na pumzi vifanye kazi ili nota ibaki pale pale.

Kwenye kwaya, kama kuna kinanda, fuata kinanda, maana chenyewe hakiwezi kukufuata. Kama hakuna, toa nota ya kuanzia, kisha wasikilize wanaoimba. Wakishuka kidogo, shuka nao. Wakishuka kuliko filimbi inavyoweza, acha kupuliza, waimbe wenyewe hadi mwisho. Kunyamaza nako ni huduma.

Neno la Mungu linasemaje?

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14:7, anataja filimbi kabisa: isipotoa sauti zinazotofautiana wazi, nani atajua kinachopigwa? Kwa hiyo usahihi si jambo dogo. Asitokee mtu akasema "Mungu anatazama moyo" ili akwepe mazoezi. Lakini soma sura nzima. Hoja ya Paulo pale ni kulijenga Kanisa. Hata nota iliyo sahihi, ikipigwa ili nionekane mimi, haijengi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 112, unasema lengo la muziki mtakatifu ni utukufu wa Mungu na kuwatakatifuza waamini. Yule mama ni mmoja wa waamini hao.

Kisha nikasoma Mathayo 7 kuhusu kibanzi na boriti. Kipimo nilipewa nijipime mwenyewe, mimi nikakigeuza cha kuwapimia wenzangu. Nilisikia aibu kweli.

Nikaenda nyumbani kwake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, na kwamba aliyekosea siku ile nilikuwa mimi. Hakusema mengi. Alinipa maji ya kunywa, akaniuliza mazoezi ni saa ngapi.

Miezi michache baadaye tulikwenda na wenzetu kusali na waamini wa ndani ya delta. Tulipanda boti Nyamisati, tukapita kwenye mikono ya mto katikati ya mikoko. Waamini kule ni wachache, wengi wao walimu na wauguzi waliopangiwa kazi mbali na kwao. Kinanda hatukubeba, na simu yangu iliisha chaji njiani. Tuliimba darasani, watu hata ishirini hatukufika. Nilitoa do, yule mama akaishika, wengine wakamfuata. Nilisimama kando yake nikimsikiliza yeye. Kufika ubeti wa tatu tulikuwa tumeshuka kidogo, wote pamoja, na mimi nikiwemo.

Maswali ya kujitafakari

- Ni kipimo gani kizuri nimepewa, kama elimu, sheria au kipaji, nami nakitumia kuwaaibisha wengine?
- Nani amenyamaza kwenye jumuiya yetu au kwenye kwaya kwa sababu ya neno langu? Nitamwendea lini?
- Katika sala, nampa Mungu muda wa kusikiliza, au nasema mimi tu?

Tusali

Ee Bwana, ulimwita Samweli usiku, naye akajifunza kuitambua sauti yako. Fungua masikio yetu. Utupe bidii ya kujisahihisha na upole tunapowasahihisha wenzetu, ili tukuimbie kwa sauti moja. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, utuombee.