Baada ya shambulio la moyo: karatasi ya hospitali haitoshi

Mgonjwa aliyenusurika shambulio la moyo hurudi nyumbani na mfuko wa dawa na karatasi. Hapa Gisenyi, Rwanda, tunaongea Kinyarwanda na Kiswahili, ila karatasi hiyo mara nyingi imeandikwa Kifaransa au Kiingereza, kwa mwandiko wa haraka. Aliyesoma atajitahidi kuielewa. Asiyesoma ataikunja na kuiweka kabatini.

Utafiti wa nchi 20 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa katika nchi maskini, wenye elimu ndogo walipatwa na maradhi makubwa ya moyo na kiharusi zaidi ya mara mbili ya waliosoma sana, ingawa mwenendo wao wa maisha haukuwa mbaya zaidi. Walichokosa zaidi ni matibabu. Na hata London, uchunguzi ulioanza mwaka 1967 uliwakuta watumishi wa serikali wa ngazi ya chini wakifa kwa moyo karibu mara tatu ya wakubwa wao.

Cheti cha shule hakizibui mshipa. Mwenye cheti amezoea kuuliza, kusoma maandishi na kurudi kliniki tarehe ikifika, na hayo aliyeishia darasa la pili anayaweza pia akisaidiwa. Basi kabla ya kutoka wodini, mwombe muuguzi aeleze kila dawa kwa lugha yako, kisha umweleze wewe ulivyoelewa. Usione haya, muuguzi mzuri hufurahi. Chora jua kwenye boksi la dawa ya asubuhi, mwezi kwenye ya usiku. Mjukuu anayesoma ashike tarehe za kurudi, na umujyanama w'ubuzima, mhudumu wa afya wa kijiji chenu, ajue.

Aspirini ya dozi ndogo na statini, ile dawa ya mafuta ya damu, kwa kawaida ni za maisha. Aliyewekewa kijibomba cha kupanua mshipa huongezewa klopidogreli, mara nyingi kwa miezi kama 12, na kuiacha ghafla kunaweza kuuziba mshipa upya. Hatari kubwa, kwa maoni yangu, ni siku mtu anapojisikia mzima: maumivu hayapo, vidonge vimeisha, pesa imekwenda kwenye karo. Msiache mutuelle, bima ya afya ya familia, ikakatika, na zikipungua pesa mwambieni daktari mapema achague dawa ya bei nafuu, kuliko kuruka siku.

Kazi nayo ina neno. Karani atarudi mezani kwake taratibu. Mama anayebeba nyanya kupitia Petite Barrière, mpakani pa kuvukia Goma, Kongo, hana meza. Asibebe mzigo mpaka daktari amruhusu. Aanze kwa kutembea kando ya ziwa, akiongeza kidogo kidogo. Sigara iachwe kabisa, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zichemshwe badala ya kukaangwa, chumvi kidogo.

Kifua kikibana tena, maumivu yakipanda mkononi au tayani, jasho baridi likatoka, piga 912 mara moja. Kwa wanawake na wenye kisukari huenda dalili ikawa pumzi kukatika au kichefuchefu tu. Namba hiyo ni ya Rwanda. Anayeshinda Goma akichuuza apatane mapema na wenzake nani atampeleka, na hospitali ipi.