Upinde Usiopumzishwa: Somo juu ya Michezo ya Vijana

Tumfikirie kijana mmoja wa Tumati, katika nyanda za juu za Mbulu. Juma zima amefanya kazi ya shamba na kuchunga ng'ombe. Sasa siku ya mapumziko imefika, tuseme ni Nane Nane. Baba yake amtafuta nyumbani, hamwoni. Kumbe yuko senta na rafiki zake watatu, katika chumba kidogo chenye runinga, wakicheza mpira wa gemu. Wawili wameshika pedi, wawili wangoja zamu, na kelele zao zasikika hadi barabarani. Baba atikisa kichwa, asema: "Mtoto huyu amepotea."

Je, amepotea kweli? Wazazi wapenzi, swali hili si dogo. Baba akikataza yote, kijana atajifunza kuficha. Akiachilia yote, kijana atakosa mwenye kumwonya. Yafaa basi tulichunguze jambo hili kwa utaratibu.

Mchezo wa watu wawili

Wengi wadhani ya kuwa gemu zilibuniwa ili kumfungia mtu peke yake chumbani. Historia yatuonyesha vingine. Mwezi wa Oktoba 1958, katika maabara ya Brookhaven nchini Marekani, mwanafizikia William Higinbotham aliwatayarishia wageni waliokuja kutazama maabara ile mchezo wa tenisi, uliochezwa kwa nukta ya mwanga juu ya kioo kidogo. Wageni walipanga foleni kuungoja. Nao ulikuwa mchezo wa watu wawili, kila mmoja na kifaa chake mkononi. Hata Pong, gemu iliyotolewa na kampuni ya Atari mwaka 1972, ilichezwa na wawili.

Hapo mashine yafanana na bao letu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lakini wasipoketi watu wawili ni kipande cha mti tu. Mwalimu Nyerere, mtu wa kazi nyingi, alipenda kulicheza, wala hatusemi ya kuwa alikuwa mvivu.

Katika mchezo wa namna hii rafiki hujulikana. Aliyefungwa atacheka, au atanuna? Mjuzi atamfundisha mgeni, au atamdhihaki? Mwenye shilingi atamlipia mwenzake asiye nayo? Dakika chache za mchezo zaweza kufunua tabia ambayo salamu za mwaka mzima haziifunui. Tena wanaume wengi huona haya kumwambia rafiki, "Nina huzuni." Lakini wakiwa bega kwa bega, macho yote yakitazama runinga, neno zito hutoka kwa wepesi.

Fundisho la upinde

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika kitabu chake kikuu cha teolojia, anasimulia habari ya Mtume Yohane. Watu fulani walichukizwa walipomkuta akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yohane akamwomba mmoja wao, aliyekuwa na upinde, atupe mshale, kisha mwingine, na mwingine tena. Akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo daima. Yule akajibu ya kuwa upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu, akasema Mtume. Watu wa Mbulu hawahitaji kufafanuliwa mfano huu, maana Wahadzabe wa bonde la Yaeda ni mabingwa wa upinde.

Thomas aongeza jambo linaloweza kutushangaza: mtu asiyependa furaha hata kidogo, na kuwa mzigo kwa wenzake wanaofurahi, naye ana kosa. Lakini mchezo aliuwekea mipaka mitatu.

Kwanza, usiwe na uchafu wala madhara. Gemu za matusi na ukatili hazimfai mtoto. Na wachezaji wakianza kuwekeana fedha, mchezo umegeuka kamari, ambayo sheria ya nchi yetu yaikataza kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Tena fedha huua urafiki upesi, kwa kuwa aliyeliwa humtazama mwenzake kama mdeni.

Pili, mchezo usimtawale mchezaji. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa. Dalili zake ni tatu: mtu ashindwa kujizuia, gemu yatangulia mambo mengine yote, naye aendelea ingawa aona hasara yake. Kwa kawaida hali hiyo hudumu kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Basi alasiri moja ya furaha si ugonjwa.

Tatu, mchezo ulingane na mtu, wakati na mahali. Hapa nasi wazazi tujihoji, kwa maana katika nyumba nyingi siku ya mapumziko ya kaka ni siku ya kazi maradufu kwa dada. Kijana yuko senta. Binti yuko kisimani, kisha jikoni. Je, upinde wake yeye hauvunjiki?

Mashauri

Patana na mwanao kabla hajatoka: kazi ipi itangulie, na saa ngapi arudi. Wagawieni wana na mabinti kazi sawasawa, ili wote wapumzike. Wajue rafiki zake kwa majina, na siku moja waalike wale nyumbani kwako.

Zaidi ya hayo, nenda ukaone. Ingia katika chumba kile, uwasalimu vijana, uombe pedi. Utafungwa mabao mengi, nao watacheka. Usione aibu. Mwana aliyemfundisha baba yake mchezo leo hataogopa kumwuliza neno gumu kesho.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Baada ya kucheza, rafiki zetu hupatana zaidi au hugombana?
2. Ni nani katika nyumba yetu asiyepata siku ya kupumzika?
3. Baba na mama walicheza nini walipokuwa vijana, na rafiki zao wa wakati ule wako wapi leo?